Kadi Niliyoiita Jivu

Machi 3

Mvua imeanza. Mashuka ya nyumba ya wageni yameshinda kwenye kamba tangu asubuhi, na yameingia ndani yakiwa mabichi kuliko yalivyotoka. Nimefunga kamba ndani ya chumba cha pasi, ukuta hadi ukuta, na kuanzia leo hadi mawingu yaondoke tutakuwa tunatembea humu tumeinama, tukipigwa nyusoni na miguu ya suruali za watu.

Mdogo wangu anasema msimu huu naupenda, nalalamika kwa mdomo tu. Ni kweli. Jua likiwaka kila mtu ana pa kwenda. Mvua ikinyesha, chumba chenye joto mtaani ni hiki changu, na ndiyo maana ligi ya Ngome, mchezo wetu wa kadi, huchezewa hapa, juu ya meza yangu ya kupigia pasi. Tunacheza wawili kwa wawili, na hakuna aliyewahi kututoa mimi na mdogo wangu kwenye meza hii. Mimi nakaa kushoto, yeye kulia. Hatusemezani. Nikikohoa tu anajua nataka kadi gani itangulie.

Machi 5

Mdogo wangu amekwenda kurekebisha miwani. Tena. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma kwa mpima macho mwezi wa kwanza, kwa sababu kichwa kilikuwa hakimpi raha, na tangu siku hiyo fremu ile haijakaa sawa hata wiki moja. Sijui ni chuma cha namna gani hicho.

Machi 6

Mvua. Soksi hazikauki.

Machi 8

Leo ilikuwa siku ya kupima. Niandike vizuri, maana hasira bado iko mkononi.

Kadi mpya huletwa na Mama Vifungo, mwenye duka la vifungo na nyuzi pale kona, ambaye pia ndiye mwamuzi wetu. Kabla hajaziuza huja nazo hapa, anainua moja moja, na kila mtu anatoa neno lake: jembe au jivu. Jembe, kadi inafaa. Jivu, haifai kitu. Lakini neno hilo lina kamba yake. Ukiiita kadi jivu, huruhusiwi kuicheza msimu mzima, wewe pamoja na mwenzako wa meza. Sheria hii aliiweka mwenyewe, baada ya kuchoka na watu waliokuwa wakizitukana kadi nzuri ili wengine wasizitake, kisha wao wazizoe kimya kimya. "Ukitema usilambe," husema.

Fundi Baiskeli, ambaye mwenzake wa msimu uliopita amehama, alikuwa amekaa juu ya kapu la nguo chafu akitafuta wa kucheza naye kama mtu anayetafuta mchumba. Mdogo wangu aliingia wa mwisho, chini ya mwavuli ambao si wetu. Aliyeushika mwavuli alikuwa Mpima Macho.

"Dada, huyu naye anacheza," akasema mdogo wangu.

"Kidogo tu," akasema yeye, huku akivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hata hilo nililichukia, kwamba hakunipa nafasi ya kumwambia avue.

Fundi Baiskeli alimdaka hapo hapo awe mwenzake. Kadi za mwanzo zilipita bila ugomvi. Kisha ikaja Mwito wa Kinamasi, yenye picha ya tope linalofumbua macho. Mama Vifungo akaisoma kwa sauti: "Mafuta mawili. Toa kiumbe wako mmoja aliye mezani. Jitu la Kinamasi linakuja mahali pake, nguvu saba. Waweza kuita hata katika zamu ya adui."

Niandike na hili, nikizeeka nisije nikasahau: katika Ngome kila upande una mawe thelathini ya kulinda. Mafuta ndiyo ya kuitia viumbe, na viumbe ndio wanaobomoa mawe ya wenzio. Kiumbe wa nguvu saba kwa kawaida hudai mafuta sita. Huyu anadai mawili tu, na mtu wako mmoja juu yake.

Mgeni huanza kusema. Mpima Macho aliishika ile kadi, akaisoma tena mwenyewe.

"Jembe," akasema. "Watu wataogopa hapo penye kutoa kiumbe. Wataona umetumia kadi mbili kupata moja. Lakini si lazima umtoe aliye mzima. Subiri adui amgonge, yuko katika kufa, ndipo umtoe. Huyo alikuwa anaondoka tu. Hujapoteza kitu."

Mdogo wangu alikuwa anatazama. Hakuwa anatazama kadi.

Kabla yule bwana hajamaliza kusema nilikuwa nimeshaona mbali kuliko yeye. Fungu letu mimi na mdogo wangu ni la siafu. Siafu wanaitwa kwa tone moja la mafuta, wanagonga mara moja, na zamu ikiisha wanaondoka wenyewe. Kwa hiyo kila zamu mezani petu kuna siafu anayeaga. Kila zamu tungemtoa mmoja ambaye tayari yuko mlangoni, tukapata jitu. Kadi ile ilikuwa imeshonwa kwa vipimo vyetu. Niliona, na mdogo wangu aliona, maana nilimsikia akivuta pumzi.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Jivu."

"Dada!"

"Jivu," nikarudia. "Unamtoa mtu wako uliyemlea mwenyewe, ili aje mgeni hujui ametoka tope gani. Adui akiwa na kadi ya Kimbunga akalifagia hilo jitu, mtu wako hayupo na jitu halipo, umebaki unaitazama meza. Hiyo ni faida ya wapi?"

"Hoja ya Kimbunga ni ya kweli," akasema Mpima Macho kwa adabu.

"Sikuomba msaada," nikamwambia.

Mama Vifungo akaishusha kadi. "Dada Pasi, umesema jivu?"

"Nimesema."

"Basi mmefungwa, wewe na mdogo wako."

Ulimi hauna mfupa. Mdogo wangu hakupewa hata nafasi ya kutoa neno lake, kwa kuwa langu lilishamfunga. Mchuma janga hula na wa kwao.

Machi 9

Hajasema lolote juu ya jana. Amefua, ameanika, ameimba. Afadhali angenitukana.

Machi 15

Mechi ya kwanza tumeshinda. Siafu wetu waliwabomoa wale wawili wa duka la vioo mpaka wakaomba maji ya kunywa. Nilimwangalia mdogo wangu nikitaka tufurahi pamoja. Alitabasamu, akaanza kupanga kadi, kisha akageuka kutazama meza ya pili.

Kwenye meza ya pili Mpima Macho alikuwa ameita jitu lake. Fundi Baiskeli alirusha kofia juu ikanasa kwenye kamba, katikati ya mashati ya watu.

"Jivu hilo!" akanipigia kelele. "Dada Pasi, njoo uone jivu linavyovunja mawe!"

Kila mtu alicheka. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Machi 17

Mvua mchana kutwa. Chumba kinanuka mbwa aliyelowa.

Machi 22

Mpima Macho ameleta feni ya zamani kutoka kazini kwake. Ameifunga juu ya dirisha, akaielekeza kwenye mashuka, na saa kumi yalikuwa yamekauka. Wateja wamefurahi. Mdogo wangu amefurahi. Mimi nimeichukia feni hiyo tangu ilipoanza kuzunguka.

"Asante," nilimwambia. Lilitoka kama mfupa wa samaki.

Machi 24

Nimegundua kitu. Mdogo wangu anapofikiri siku hizi anaikaribisha kadi usoni, halafu anaisogeza mbali, kama yule bwana anavyofanya na vioo vyake. Zamani alipokuwa akifikiri alikuwa akijikuna sikio, kama mimi.

Machi 29

Tumeshinda tena, kwa shida. Tulikuwa na siafu watatu wanaoondoka na mafuta mawili mkononi. Watatu! Sote wawili tulijua ni kadi gani ilikosekana pale. Mdogo wangu aliwatazama wale siafu, akawaondoa mezani mmoja mmoja, hakuniangalia. Nilijikohoza bila sababu ili anitazame. Akanipa kadi ambayo sikuitaka.

Aprili 2

Kwenye kapu la leo kulikuwa na koti jeupe la Mpima Macho. Mdogo wangu amelifua mwenyewe, kwa mkono, pembeni, wakati makoti mengine yote huingia pamoja kwenye pipa. Mimi ndiye wa pasi. Nikalitandaza mezani nikaanza na ukosi, kama kawaida.

Uani mdogo wangu alikuwa anaongea na simu, anacheka. Nilijua ni nani. Pasi ilikuwa juu ya ukosi, na mimi nilikuwa nasikiliza, na nikaiacha pale.

Nilipomwambia mdogo wangu nilisema nimesahau. Sikusahau. Harufu niliisikia tangu mwanzo. Nimekuwa na pasi mkononi tangu sijafikisha miaka kumi na tano, pua yangu huijua nguo inayotaka kuungua kabla nguo yenyewe haijajua. Nilingoja kidogo tu. Ikabaki alama ya kahawia, ncha ya pasi kabisa, huwezi kusema ni kitu kingine.

Aprili 3

Amekuja kuchukua koti. Niliingia chumba cha ndani nikajifanya natafuta wanga wa kunyooshea mashati, nikamwachia mdogo wangu aibu hiyo.

"Samahani sana," nilimsikia akimwambia. "Dada alipitiwa."

"Aa, ukosi tu huu," akasema yule. "Wagonjwa wangu hawaoni vizuri. Ndiyo maana wanakuja kwangu."

Akacheka, akalivaa, akaondoka nalo hivyo hivyo kwenye mvua. Ningefurahi kama angekasirika. Mtu akikukasirikia, mko sawa.

Mdogo wangu alinifuata ndani. Alisimama mlangoni, kamba ya nguo ikiwa kati yetu, na suruali ya mtu ikanificha nusu ya uso wake.

"Dada, tangu nimekujua hujawahi kuunguza hata leso."

"Kila mtu huteleza."

"Siku mama alipofariki ulipiga pasi mashati ya watu yote usiku ule, unalia, na hakuna lililoungua."

Niliendelea kutafuta wanga ambao sikuuhitaji.

"Amekukosea nini?" akauliza.

"Hajanikosea."

"Basi ni mimi. Sema."

Nilimwambia anajivunia miwani. Nilimwambia siku hizi mashuka yanatoka kwake na sabuni haijaisha vizuri, jambo ambalo ni uongo mtupu. Nilimwambia mengi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaisogeza suruali ile pembeni, nikamwona uso wote.

"Ungeniambia tu kwamba una wivu, Dada," akasema. "Ningekukumbatia. Sasa nifanye nini na koti lililoungua?"

Akatoka kwenda kuanua.

Aprili 4

Hatujasemezana. Feni inazunguka.

Aprili 5

Nimemshonea kifungo cha koti lake la mvua. Amesema asante.

Aprili 12

Leo nilikwenda kwa Mama Vifungo kuchukua zipu, nikatoka na jambo jingine.

"Utajipangaje sasa na kazi," akaniuliza, "mdogo wako akiondoka?"

"Akiondoka kwenda wapi?"

Alisimama na mkasi hewani. Akaona amevuruga, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kumbe Mpima Macho amepewa kazi hospitali ya mji mwingine, mbali, na anaondoka mvua zikiisha. Kumbe amemwomba mdogo wangu wafunge ndoa waende wote.

"Nilidhani umeambiwa," akasema.

"Nimeambiwa," nikadanganya. "Nilikuwa nakupima tu."

Nimerudi na zipu ya rangi nyingine kabisa. Mdogo wangu alikuwa anakamua shuka, akanikabidhi ncha moja bila neno, tukakamua pamoja, yeye kulia, mimi kushoto. Nilimtazama mikono. Nilimfundisha mimi kukamua, akiwa hafiki hata kwenye ukingo wa beseni. Yule bwana anajua nini juu yake? Anajua kwamba akiwa na homa huzungumza usingizini? Anajua kwamba haogopi radi ila anaogopa kimya baada ya radi?

Labda anajua.

Aprili 13

Nimemwachia kipande kikubwa cha nyama. Hajaniambia.

Aprili 14

Nimefua mimi, nikampumzisha. Hajaniambia.

Aprili 16

Nimemsifia miwani. Alinitazama kama mtu aliyeona paka akisalimia. Hajaniambia.

Aprili 19

Mechi ya mwisho ya mzunguko wa kwanza: sisi na Mpima Macho na Fundi Baiskeli. Nyumba ilijaa. Watu walikaa juu ya mafurushi ya nguo, na mvua ilikuwa inapiga bati hata Mama Vifungo akawa anapaza sauti kusoma kadi.

Nilicheza kama mtu anayetaka kuua. Na tulicheza vizuri. Wao walibakiwa na mawe manne, sisi tisa. Mezani walikuwa na kanga mmoja tu, ndege wa nguvu moja ambaye hata upepo ungemwangusha. Tukawamwaga siafu wote kwa mara moja, mimi na mdogo wangu, kwa kikohozi kimoja. Nilishaanza kukunja mikono ya gauni nisimame.

Mpima Macho akamweka kanga mbele. Siafu wakamgonga. Kanga anakufa, kila mtu anaona anakufa. Ndipo akalaza kadi ile juu yake taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Anaondoka," akasema. "Namtoa. Mwito wa Kinamasi."

Jitu likasimama katikati ya siafu wetu wote, nguvu saba. Halikubaki hata siafu wa kupeleka habari nyumbani. Zamu iliyofuata likaja kwenye mawe yetu, sisi hatuna mtu, na zamu iliyofuata tena, tukawa tumekwisha.

Watu walipiga kelele. Lakini sauti niliyoisikia mimi ilikuwa ya upande wangu wa kulia. Mdogo wangu alikuwa anacheka. Amejishika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anacheka.

"Kanga!" anasema. "Dada, umeona? Kanga!"

Tumeshindwa, na yeye anacheka. Nilitaka kumfinya chini ya meza. Kisha nikamtazama vizuri na nikakumbuka misimu yote tuliyoshinda. Hakuwahi kucheka hivi. Tukishinda hutabasamu, hupanga kadi, huniangalia kama nimeridhika. Miaka yote ile alikuwa akisikiliza kikohozi changu. Mimi nilidhani tunacheza wawili, kumbe nilikuwa nacheza peke yangu kwa mikono minne.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilimpa Mpima Macho mkono. Aliushika kwa mikono miwili akasahau kuuachia, naye kumbe alikuwa na hofu. Ukosi wa koti bado una ncha ya pasi yangu.

Aprili 20

Mvua ndogo. Sina la kuandika.

Aprili 23

Kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili mtu anaruhusiwa kubadili mwenzi. Lakini Mama Vifungo ana sheria yake hapa pia: anayeondoka hasemi. Anayesema ni anayeachwa. Zamani watu walikuwa wakiachana mezani kwa matusi, hata ndoa moja ilivunjikia humu, ndiyo akaamua kwamba asiyetaka kuachwa hataachwa. Mdogo wangu hawezi kutoka upande wangu mpaka mimi niseme.

Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza ya ligi. Nililipenda.

Aprili 26

Nimesema.

Mama Vifungo aliuliza kama kawaida, akiwa ameshaanza kufunga kitambaa chake maana hutegemea kimya. "Kuna mwenye neno la mwenzake?"

"Mimi," nikasema.

Feni ilizunguka. Mdogo wangu akanigeukia.

"Mdogo wangu yuko huru," nikasema. "Hakuiita kadi yoyote jivu. Ulimi ulikuwa wangu. Acheze na amtakaye."

Nilitegemea atalia. Nilitegemea atanikumbatia mbele za watu, na nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia aache utoto. Hakufanya hivyo. Alikusanya kadi zake, akagawa fungu letu sawa kwa sawa, akanisogezea nusu yangu, akatoka uani. Nikamfuata.

"Umefurahi?" nikamwuliza.

"Umenitoa kama siafu," akasema. "Hata hukuniuliza."

"Si ndicho ulichotaka? Najua habari ya hospitali. Najua amekuomba. Nimekuachia ili umjibu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni.

"Nilimjibu kabla mvua hazijaanza, Dada. Nilimwambia ndiyo."

Nilikaa juu ya beseni lililofunikwa.

"Kabla mvua hazijaanza? Na miezi yote hii unangoja nini?"

"Nangoja upate mtu." Alisema polepole, kama anayepita penye utelezi. "Nilimleta hapa ili umzoee, usije ukamwona mwizi. Ukaiita kadi jivu. Nikaona basi, nikutafutie wa kucheza naye nikiondoka. Fundi Baiskeli nimembembeleza wiki mbili. Anasema una ulimi. Nimemwambia ndiyo, ana ulimi, lakini hana mwenzake kwa kupima kadi. Amekubali juzi."

Fundi Baiskeli. Kubembelezwa. Wiki mbili! Mimi, ambaye zamani yeye mwenyewe aliniomba tuungane nikamcheka!

Nilikuwa nimejiona mkubwa, nimebeba wivu wangu kama mzigo wa mtu mwenye nguvu, na muda wote huo mtoto niliyemlea ananionea huruma. Sijui kipi kinauma zaidi. Nimekaa juu ya beseni mpaka mvua ikanilowesha mabega. Naye alikaa, tukalowa wote.

"Una wivu?" akaniuliza mwishowe.

"Sana," nikamwambia. "Mpaka meno yanauma."

Akanikumbatia, kama alivyosema angefanya.

Mei 3

Fundi Baiskeli anacheza na grisi kwenye kucha. Kadi zangu zina madoa. Ila ana akili, mjinga yule.

Mei 10

Jua saa mbili nzima. Nimetoa kila kitu nje, hata mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Mei 17

Fainali. Mimi na Fundi Baiskeli, dhidi ya mdogo wangu na Mpima Macho. Sikumwachia mdogo wangu hata jiwe moja la bure. Nilimpiga kwa Kimbunga mara mbili, kama nilivyosema siku ya kupima, na mara zote mbili jitu lilikwenda na mtu wake akaenda, na nilisikia raha isiyo na adabu. Lakini mara ya tatu sikuwa na Kimbunga. Mdogo wangu alimgoja siafu wake afike ukingoni kabisa, zamu inaisha, yuko katika kuaga, ndipo akamtoa. Hata Mpima Macho hakuwa ameliona. Nilimwona akishangaa.

Tumeshindwa. Mdogo wangu alicheka kicheko kile, na safari hii alikuwa anakielekeza kwangu.

"Jembe?" akauliza, ameinua kadi.

"Kadi bado ziko mezani, msimu haujaisha," nikamwambia. "Sheria ni sheria. Jivu."

Mei 25

Wamefunga ndoa. Nilipiga pasi suti ya bwana harusi mimi mwenyewe. Haikuungua.

Mei 28

Wameondoka asubuhi. Feni wameniachia. Nimepiga pasi hadi jioni nguo ambazo wateja wamezitaka wiki ijayo.

Mei 30

Jua. Vitu vinakauka kabla sijamaliza kuvianika. Uani pamekuwa pakubwa.

Juni 6

Simu ililia nikiwa katikati ya mashuka. Mdogo wangu. Hakunisalimia vizuri, hakuniuliza hata habari za Mama Vifungo. Wamepata wenzao wa kucheza nao huko, wauguzi, na jana wamepigwa vibaya. Hakulala.

"Sikiliza, Dada. Tulikuwa na mawe sita. Mafuta mawili. Mezani nina siafu anayeondoka na kobe aliyegongwa nusu. Wao wana tai wawili. Nina Mwito mkononi. Ungemtoa yupi?"

"Muulize mumeo," nikasema. "Si ndiye mwenye macho?"

"Nimeshamuuliza. Anasema siafu. Sijaridhika. Nakuuliza wewe."

Alimwuliza yeye kwanza. Nimelisikia hilo, na limenichoma pale pale panaponichoma siku zote. Kisha nikasikia na lile la pili, na furaha iliyonipata haikuwa ya mtu mwema hata kidogo.

Nikazima pasi. Nikayasukuma mashuka pembeni, nikavuta kiti.

"Anza mwanzo," nikamwambia. "Polepole. Usiruke hata jiwe."